Uliza na Nyumba Tuliyoihama

Nyie vijana mlioninunulia keki na kunipigia makofi siku ya kuniaga, kaeni chini msome. Mliniomba niandike, nimeandika, kwa mkono wangu, kwenye kaunta buku. Atakayepiga chapa asinirekebishe maneno. Nilisoma mpaka darasa la nne kijijini kwetu Busi, kule Kondoa, halafu nikaitwa nyumbani kulea wadogo zangu, halafu nikaolewa. Yaliyobaki nilijisomea kwenye karatasi za kufungia vitumbua na kwenye kioo cha kompyuta. Kwa hiyo Kiingereza humu hakuna. Habari za mshahara nazo hakuna. Mshahara ulikuwa mdogo na cheo kilikuwa ufagio. Ninachotaka mjue ni kitu kimoja kilichonishangaza nikiwa tayari na wajukuu wawili, na mpaka leo hakijaacha kunishangaza.

Kazi nilianzia kwenye shirika moja la umma. Nilikuwa nafagia chumba cha wale mabinti waliounganisha simu kwa nyaya, huku wameweka vile vitu vya kusikilizia masikioni kama herini. Mtu akisema anataka kuongea na fulani wa Kondoa, binti anachomeka waya hapa, anachomoa pale, na mtu wa Kondoa anaitika. Nilikuwa nasimamisha ufagio nitazame. Msimamizi alinigombeza mara nyingi kwa kusimama.

Ikaja miaka ya ruksa. Bidhaa tulizokuwa tukizipangia foleni zikaanza kutusubiri sisi madukani. Sabuni za kila rangi, mitumba mpaka barazani. Mashirika nayo yakaanza kupunguza watu, na ufagio ndio uliotangulia kutoka. Nilikaa nyumbani nauza maandazi mpaka Mzee Salumu aliponiita.

Mzee Salumu mnamfahamu kwa ile picha ya pale mapokezi. Babu zake walikuja Dodoma na misafara ya biashara wakabaki. Ukoo wao uliuza vitambaa, yeye akauza vipuri, na serikali ilipowaruhusu watu binafsi akafungua kampuni ya mtandao, ghorofani, karibu na soko. Watu walimcheka. Walimwambia, Salumu, hicho unachouza hakishikiki wala hakina uzito. Akajibu, "Ndiyo raha yake. Hakina nauli."

Siku yangu ya kwanza alinionyesha chumba chenye kompyuta moja kubwa, yenye taa za kijani zinazowaka na kuzima. Akasema, "Mama Rukia, hii usiiguse. Vumbi tu lisiingie." Nyie mnalijua vumbi la Dodoma mwezi wa tisa. Nikafikiri, kumwagia maji siwezi, kufuta nimekatazwa. Kesho yake nikaja na kitambaa changu cha kufuma, kile cha maua ya njano, cha kufunikia redio, nikaifunika vizuri mpaka chini.

Saa nne mtandao wa mji mzima ukazimika. Fundi wetu Yohana akaja mbio, akaingia chumbani, akasimama. Yohana alikuwa Mgogo wa Nzuguni, mtu wa miaka thelathini hivi, mrefu, mpole wa maneno. Akakishika kitambaa kwa vidole viwili.

"Mama, nani kamvisha huyu baibui?"

"Mimi. Vumbi."

"Sasa anapumulia wapi?"

Nikapaangalia. Kweli, mashimo yote ya kupumulia nilikuwa nimeyaziba kwa maua. Nikasema nifukuzeni. Yohana akacheka mpaka akakaa chini, akasema mtu anayetunza kitu kiasi hicho hafukuzwi, anafundishwa.

Na alinifundisha. Alikuwa na sababu yake. Nzuguni wakati huo ilikuwa mashamba na vichaka, alikuja kwa baiskeli, akifika saa mbili na nusu. Mimi nilifungua ofisi saa kumi na mbili na nusu. Katikati hapo wateja walipiga simu, "Barua za kompyuta hazifiki, tatizo nini?" na mimi nilikuwa na jibu moja tu, "Msubirini Yohana." Akachoka kusubiriwa. Akakaa wiki moja akiandika kitu kwenye kompyuta ya mezani, akaniita. Kioo kilikuwa cheusi, maandishi meupe.

"Mama, andika hapa neno uliza, halafu acha nafasi, halafu andika jina lolote la mtandaoni. Halafu bonyeza hapa."

Nikamwambia mimi sina jina lolote la mtandaoni kichwani. Akanitajia jina la chuo kikuu kimoja cha ng'ambo. Nikaandika kwa kidole kimoja, herufi kwa herufi, kama mtu anayechambua mchele. Nikabonyeza. Kabla sijainua kidole, kioo kikajibu kwa Kiswahili. Jina, fulani. Namba, hizi hapa. Barua zipelekwe, mahali fulani. Mwenye jina, fulani. Mwisho wa jina, mwezi na mwaka fulani. Na chini kabisa, Sekunde zilizobaki, halafu tarakimu.

Nilirudi nyuma na kiti changu.

"Yohana, aliyejibu yuko wapi?"

"Hakuna mmoja, mama. Kompyuta zinajuana kwa namba, sisi tunajuana kwa majina. Sasa Uliza ikipewa jina inakwenda kwa mkubwa wa wakubwa, inamwambia, nyumba ya fulani iko wapi? Yule anasema, mimi simjui, lakini namjua anayewajua watu wa upande ule. Inakwenda huko. Yule naye anasema, mimi namba yake sina, lakini kamuulize fulani, ndiye mwenye mtaa. Inakwenda. Huyo wa mwisho ndiye anayetoa namba."

"Inatembea kwa watu wote hao?"

"Wote."

"Na mimi sijainua kidole."

"Na wewe hujainua kidole."

Nilikumbuka wale mabinti na nyaya zao. Nilikumbuka pia unavyotafuta nyumba ya mtu Kondoa: wa stendi anakupeleka kwa wa duka, wa duka anakupeleka kwa jirani. Hakuna anayewajua watu wote, na bado unafika. Lakini huku ni dunia nzima, bahari zimevukwa, na chai yangu kwenye kikombe bado ina moshi. Siku hiyo sikufagia vizuri, nakiri.

Kuanzia hapo nikajiwekea utaratibu. Asubuhi, kabla ya ufagio, niliwasalimia wateja wetu wote. Majina yao niliyaandika kwenye daftari, shule, maduka, nyumba za wageni, zahanati. Jina moja moja, uliza, soma, weka alama. Jina lililojibu kama jana ni mzima. Lililojibu tofauti ni mgonjwa, namwandikia Yohana karatasi. Kulikuwa na jina la duka moja ambalo kwenye mstari wa Mwenye jina alitajwa marehemu, mtu niliyekwenda kumzika mwenyewe. Kila asubuhi Uliza ilisema ni wake. Kila asubuhi nikamwombea. Wanawe walichukua karibu mwaka kuja kubadilisha, na nilipoona jina jipya nilisikitika kidogo.

Kosa langu kubwa lilikuwa kwenye ule mstari wa chini. Niliona kwamba nikiuliza jina mara ya pili, sekunde zimepungua. Nikiuliza ya tatu, zimepungua zaidi. Nikajua hapa tunamaliza kitu. Ni kama vocha, nikasema, kila swali linakula. Nikaacha kuuliza ovyo. Nikamkataza na Mzee Salumu mwenyewe. Alikuja kutafuta jina la mshindani wake, nikamwambia, "Mzee, acha. Unaimaliza." Tajiri mzima akaondoa mkono kwenye kibodi. Alikaa siku tatu haulizi kitu.

Yohana alipogundua, hakucheka safari hii. Alichora mtungi kwenye daftari langu.

"Anayeuliza namba yetu, mama, tunampa maji ya mtungi mmoja. Anakwenda nayo kwake. Akitaka tena, anakunywa ya mtungini, hawasumbui wenye kisima. Zile sekunde ni muda wa maji kukaa mtungini. Zikiisha anamwaga, anarudi kisimani. Zinapungua zenyewe, uulize usiulize."

"Na mtungi wetu ni wa muda gani?"

"Wiki nzima. Laini yetu nyembamba. Wakija kuuliza kila saa wataijaza, na barua hazitapita."

Nikaona amefanya jambo la maana. Sisi ni watu wa nchi kavu. Hakuna mtu wa Dodoma anayemwambia mwenzake achote maji kila saa. Niliifurahia sana ile wiki, na wote tuliifurahia, wala hakuna aliyefikiri kwamba itatugeukia.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Dada yangu mkubwa, Mwanaisha, aliingiwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alikuwa Busi na mwanawe. Kidogo kidogo giza likamfunga, na mpaka wakati ninaousema alikuwa na miaka sita haoni hata mkono wake. Huyu ndiye aliyenilea mgongoni. Alipokuja kwangu mjini, alihesabu. Kutoka mlango wa barabarani mpaka mkeka wake hatua tisa, kutoka mkeka mpaka chooni hatua kumi na nne na ukuta mkono wa kushoto. Ole wake aliyesogeza mkeka ule.

Zahanati moja ya macho, barabara ya kwenda Chemba, ilikuwa mteja wetu. Muuguzi mkuu pale alikuwa Sista Anjela. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba madaktari wa ng'ambo wangekuja kwa wiki mbili kuwatoa watu mtoto wa jicho, na akaliandika jina la dada kwenye orodha. Nilimtumia dada salamu na basi la Kondoa. Akanirudishia salamu kwa jina langu la utotoni: "Mwambieni Zena asinicheleweshe, nimezoea giza lakini sijalipenda."

Mwezi huohuo Mzee Salumu akagombana na Bwana Hamisi. Hamisi ndiye mwenye jengo letu la zamani, na laini yetu ya mtandao ilipitia kwake. Waligombana kwa maneno, na maneno ya watu wazima wa mji huu mnayajua. Mzee Salumu alimwambia mbele ya watu kwamba hata akifa hatakwenda kumzika. Akatafuta jengo jingine na laini nyingine, na laini mpya maana yake namba mpya. Tukahama siku ya Jumamosi. Yohana akabadilisha namba kwenye majina yote, mimi nikapakia vikombe, tukafunga mlango, tukarudisha ufunguo. Jumatatu asubuhi nikawasalimia wateja wote. Wote wakajibu namba mpya. Nikaweka alama, nikaridhika.

Saa tatu Sista Anjela akapiga simu.

"Shikamoo mama. Hivi barua zinaingia?"

"Marahaba. Zinaingia. Jina lenu nimeliuliza leo, zima kabisa."

"Madaktari walituandikia Jumamosi asubuhi kwamba barua yenye maswali inafuata. Umeme, maji, vitanda, wagonjwa wangapi. Wanataka majibu kabla ya Ijumaa mchana. Wasipoyapata, safari wanaipeleka mkoa mwingine. Sasa maswali yenyewe hatujayaona."

Nikamwambia asubiri, barua ina safari ndefu. Jumanne akapiga tena, sauti imebadilika. Faksi yao ilikuwa imeunguzwa na radi. Simu ya ng'ambo walipiga, ikapokelewa na mashine inayoongea peke yake. Yohana alikuwa ameshawaandikia wale madaktari tangu Jumatatu, kwa jina la ofisi yetu, waitume upya. Kimya. Baadaye tulijua daktari mwenyewe alikuwa safarini, na aliyebaki ofisini alikuwa na kazi moja tu, kuangalia Ijumaa nani amejibu na nani hajajibu.

Yohana akakaa kwenye kioo cheusi. Akaniambia, "Mama, kosa letu ni moja. Tumejiuliza wenyewe. Wewe umeuliza hapa nyumbani, na nyumbani wote wanajua tumehama. Hebu tumuulize anayepeleka barua za wale madaktari, yeye anatukumbuka wapi."

"Inawezekana?"

"Inawezekana. Andika uliza, jina la zahanati, halafu hapa jina la mashine yao."

Nikaandika. Vijana, nilikuwa nimeshaishangaa Uliza mara nyingi, lakini nilichokiona hapo kilinisimamisha nywele. Mashine iliyo ng'ambo, ambayo sijaiona na haijaniona, ilinifungulia kichwa chake nikasoma inachokumbuka. Ilitukumbuka kwenye nyumba ya zamani. Namba ya zamani, tarakimu kwa tarakimu. Na chini yake, sekunde laki tatu na hamsini na mbili elfu na ushee.

Siku moja ina sekunde elfu themanini na sita na mia nne. Namba hiyo naijua kuliko umri wangu. Nikagawanya kwenye daftari. Siku nne na saa mbili. Ingetusahau Jumamosi, saa tano asubuhi. Ijumaa ingekuwa imepita.

"Walichota maji Jumamosi asubuhi," Yohana akasema taratibu, "dakika chache kabla hatujahama. Mtungi wa wiki nzima. Mimi ndiye niliyeujaza."

"Na barua imepotea?"

"Haijapotea. Iko njiani. Kila baada ya saa kadhaa inakwenda kwenye nyumba ya zamani, inabisha, haifunguliwi, inarudi. Itabisha hivyo hivyo mpaka watakapotusahau."

Niliketi kwenye kile kiti cha wateja, kitu ambacho huwa sikifanyi. Niliiona barua ile kama mtu. Imetoka mbali na imebeba macho ya dada yangu, inasema hodi kwenye mlango mtupu kwa Hamisi.

Mzee Salumu alikuwa amesimama mlangoni, amesikia. Nikamwambia, "Mzee, mmehama vibaya."

"Kivipi?"

"Mlifunga mlango mkaondoka wote. Kwetu Busi mtu akihama anaacha mtu kwenye nyumba ya zamani siku za kwanza. Hata bibi kizee mmoja anatosha. Mgeni wa mbali hajui kama umehama, atakwenda kule kule alikokujua. Ndani awepo wa kumwambia karibu."

Yohana alishika kichwa. "Mama, ungeniambia Ijumaa!"

"Hukuniuliza Ijumaa. Ijumaa uliniambia nipakie vikombe."

Akamgeukia tajiri. "Mzee, anachosema mama ndiyo dawa. Tukiirudisha ile mashine ya zamani kwenye laini ya zamani, kwa namba ileile, barua ikibisha itafunguliwa. Siku chache tu."

Mzee Salumu akawa mwekundu. "Nirudi kwa Hamisi? Mimi? Mtu niliyemwambia sitamzika?"

"Hutaomba wewe," nikamwambia. "Nitaomba mimi. Wewe simama tu uonekane."

"Mama Rukia, unanidhalilisha."

"Mzee, dada yangu haoni."

Alikwenda kunawa uso, akarudi amevaa kofia yake ya Ijumaa, na siku ilikuwa Jumanne.

Hamisi tulimkuta mezani kwake anakula korosho. Alipomwona Mzee Salumu akainua mikono juu.

"Salumu! Mbona umewahi? Sijafa bado."

Nikamwamkia Hamisi, nikamweleza, kwa kirefu, kuhusu dada, kuhusu Busi, kuhusu barua inayobisha. Mambo ya sekunde nikamwachia Yohana. Hamisi aliacha kutafuna.

"Kwa hiyo hapa chumbani kwangu kuna mgeni anapiga hodi na mimi sisikii?"

"Ndiyo, baba. Tangu Jumapili."

Akafungua mtoto wa meza, akatoa ufunguo. "Mpangaji mpya anaingia Jumatatu. Mpaka Jumapili chumba na laini ni vyenu. Sharti langu moja. Salumu akae hapa anywe chai yangu, mpaka chini ya kikombe."

Aliinywa. Aliinywa kama dawa ya malaria, lakini aliinywa. Na nyie mnaodhani mji huu unaendeshwa na laini tu, hesabuni na kikombe kile.

Mashine ya zamani ilikuwa stoo, na juu yake, kwa sababu haikuwa tena na haja ya kupumua, nilikuwa nimekitandaza kile kitambaa cha maua ya njano. Nikakiondoa mwenyewe. Yohana akaibeba kwa baiskeli, ameifunga na mpira. Kuiwasha ilitupotezea Jumanne yote, kwani laini ilikuwa imechomolewa na waya mmoja panya wameula. Jumatano asubuhi taa za kijani zikawaka. Yohana akaiwekea jambo moja kwa ajili yangu: barua yoyote ikifika, kioo kiandike Hodi na jina la ilikotoka. Halafu akarudi ofisini kuangalia upande wa pili, na bibi kizee mmoja akabaki kwenye nyumba ya zamani, juu ya kigoda, na chupa ya chai.

Nilijua kwamba haihitaji mtu wa kukaa nayo. Mashine ingepokea yenyewe. Lakini sikuweza kuiacha peke yake.

Alasiri kioo kikaandika Hodi. Nikasema karibu, kwa sauti, chumba kitupu. Ilikuwa ya nyumba ya wageni. Ikaja nyingine ya shule. Kila moja niliiitikia. Wote hao walikuwa wakibisha siku zote hizo, na mimi nilikuwa nimeweka alama kwenye daftari kwamba wote wazima. Niliona aibu. Mpaka jioni ya madaktari haikuwa imekuja.

Alhamisi, saa nne kasoro, nilikuwa namimina chai. Hodi. Nikaangalia ilikotoka. Lile jina nilikuwa nimeliandika mwenyewe kwa kidole kimoja, nisingeweza kulikosea. Chai nilimimina juu ya meza aliyotuazima Hamisi. Nikapiga simu ofisini, nikashindwa kusema salamu.

"Yohana, imefunguliwa."

"Nimeiona, mama. Imeshavuka, iko huku. Sista anaisoma sasa hivi."

Maswali yalikuwa mengi. Sista Anjela alizunguka vitanda na kalamu, akapima tangi la maji kwa kijiti, na alasiri ileile majibu yakaondoka. Ijumaa jioni likaja jibu fupi. Alinisomea kwenye simu: wanakuja.

Dada alitolewa mtoto wa jicho, kwanza jicho la kulia. Kesho yake walipofungua bandeji nilikuwa nimesimama mbele yake. Alinitazama muda mrefu.

"Zena? Ndiyo wewe huyu?"

"Ndiyo mimi, dada."

"Umezeeka hivi, halafu siku zote ulikuwa unanionea huruma mimi?"

Wodi nzima ikacheka na mimi nikalia.

Baada ya hapo Yohana aliandika kanuni, ipo ukutani kwenye chumba cha mashine, na nyie mnapita mbele yake na kompyuta zenu za kukunja bila kuisoma. Kabla ya kuhama, wiki moja mbele, punguza sekunde ziwe dakika chache. Ukishahama, usijiulize mwenyewe, waulize walio mbali wanakukumbuka wapi. Na nyumba ya zamani usiifunge mpaka wa mwisho awe amesahau. Isomeni. Ilitoka kwenye giza la dada yangu.

Mimi mwezi uliopita nimehamia Nzuguni, kwenye kiwanja alichonitafutia Yohana enzi zile kikiwa kichaka. Dada yangu bado yuko Busi. Kila mwaka, mavuno yakiisha, huja kwangu na karanga, bila kutuma salamu kwamba anakuja. Macho yake mpaka leo yanaona. Ila siku hizi kichwa kinarudi nyuma. Tulimweleza habari za Nzuguni mara tatu, akaitikia, na kesho yake akauliza ule mlango wa barabarani umepakwa rangi gani. Yeye anaikumbuka nyumba ile kwa hatua zake, na hatua zile hazina sekunde za kuisha.

Siku ya kuhama vijana walikuwa wameshapakia kila kitu kwenye gari, mjukuu mmoja ameshika kufuli. Nikamnyang'anya. Mwenye nyumba nilikuwa nimeshazungumza naye, amekubali. Nikawaita wote uani nikawaambia hivi:

"Mlango huu haufungwi mpaka mavuno yaishe na dada afike. Rukia, wewe utabaki hapa, mchana kutwa uwe ndani. Mtu akibisha hodi, sema karibu kwanza, nani utauliza baadaye. Na ule mkeka shusheni kwenye gari, muurudishe ulipokuwa. Hatua tisa. Hesabuni."